Sukari ya asubuhi 6.4, ya jioni 18.9: mgonjwa wa kemo mwenye kisukari apimwe saa ngapi?

#1 Mwanga wa Jioni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naleta hoja. Mgonjwa wa kisukari aina ya 2 akishaanza kemo, kile kipimo cha asubuhi kabla ya kula tulichomzoesha miaka yote kinageuka kuwa kipimo kibaya kuliko vyote. Kinamhakikishia usalama ambao haupo.

Tuchukue mgonjwa wa miaka 62, kilo 74, mwenye saratani ya mapafu. Dawa zake za kisukari ni metformini na gliklazaidi. Kemo ya kaboplatini na paklitakseli kila baada ya siku 21. Siku ya 1 anapewa deksamethasoni (steroidi) mg 12 ya kuzuia kutapika, kisha siku ya 2 hadi ya 4 mg 8 kila asubuhi saa mbili. Chati, kwa mmol/L:

Siku ya 1: asubuhi 6.4, jioni 18.9
Siku ya 3: asubuhi 8.1, jioni 20.2
Siku ya 6: asubuhi 3.1, jioni 5.0
Siku ya 15: asubuhi 7.0, jioni 13.8

HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu) ni asilimia 6.1, hemoglobini (wingi wa damu) 8.7.

Ukisoma safu ya asubuhi peke yake utamwandikia "sukari imedhibitiwa, aendelee". Sasa nauliza: nini kinaipandisha jioni? Nini kimeiangusha siku ya 6? Na ile 13.8 ya siku ya 15, steroidi ikiwa imekoma siku kumi na moja nyuma, imetoka wapi?

#2 Mfamasia wa Zamu

Jioni ya siku ya 1 na ya 3 haina fumbo. Ni deksamethasoni. Inaliamuru ini litoe sukari zaidi na inaifanya misuli iikatae insulini, kwa hiyo chakula cha mchana kikiingia sukari yake haina pa kwenda. Watu huona "mg 12" wakadhani ni dozi ndogo. Deksamethasoni mg 0.75 ni sawa na prednisoloni (steroidi nyingine) mg 5. Piga hesabu: mg 12 ni sawa na prednisoloni mg 80 kwa siku moja! Hata ile mg 8 ni zaidi ya 50.

Prednisoloni ikimezwa asubuhi, sukari huanza kupanda baada ya masaa manne hivi, hukaa juu mchana na jioni, ikafika alfajiri imeshuka yenyewe. Ndiyo maana asubuhi anaonekana mzima. Deksamethasoni hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na ndiyo maana asubuhi ya siku ya 3 nayo imeanza kusogea hadi 8.1.

Apimwe kabla ya chakula cha mchana au kabla ya cha jioni, kila siku anayotumia steroidi. Akigusa 12 na kuendelea, ahamie mara nne kwa siku: kabla ya kila mlo na kabla ya kulala.

#3 Tabibu Mdogo

Naomba tusifunge kesi mapema. Sukari inayoharibika ghafla kwa mtu wa umri huu, hasa akiwa anakonda, lazima kongosho liangaliwe. Saratani ya kongosho huweza kujitangaza kwa kisukari kipya, au kwa kisukari cha zamani kuanza kukaidi dawa. Saratani ya mapafu nayo inaweza kusambaa huko.

#4 Nesi Mlinda

@Tabibu Mdogo umekimbilia kongosho wakati dripu hujaiangalia, mkuu! Kaboplatini inaweza kuchanganywa kwenye dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5. Chupa ya mililita 500 ina gramu 25 za sukari inayoingia moja kwa moja kwenye mshipa. Kwa mgonjwa huyu muulize mfamasia kama maji ya chumvi yanafaa badala yake. Kwa kaboplatini na paklitakseli yanafaa. Kwa oksaliplatini (kemo nyingine) hapana, yenyewe haipatani na chumvi, ni dekstrosi tu, kwa hiyo hapo unajipanga kuipima sukari badala ya kuikwepa.

#5 Mfamasia wa Zamu

Hoja ya #4 nzuri, ila tuiweke mahali pake. Gramu 25 zinaeleza masaa mawili matatu ya siku ya 1. Haziielezi 20.2 ya siku ya 3, siku ambayo hakuna dripu.

#6 Mpima Damu

Mmepita namba mbili za mwisho kama hamkuziona. Hemoglobini 8.7 maana yake chembe nyekundu ni kama asilimia 26 ya damu. Stripu nyingi za glukometa (kifaa cha kupima sukari kidoleni) hukosea kwenda juu damu ikiwa nyepesi hivyo, kwa sababu tone lina maji mengi na chembe chache. Karatasi iliyomo kwenye kopo la stripu huandika kiwango cha chini kinachokubalika. Isomeni.

Na hiyo HbA1c ya 6.1 itupeni. Kipimo hicho kinahesabu sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu zilizoishi miezi miwili mitatu. Akiongezewa damu, chembe ni za mtu mwingine. Kemo ikiua chembe na uboho ukatoa mpya, zile mpya hazijakaa na sukari muda wa kutosha. Namba inashuka kwa uongo. Upungufu wa madini ya chuma huipandisha kwa uongo. Fruktosamini (kipimo cha sukari iliyoganda kwenye protini za damu) ingesaidia, lakini nayo inategemea albumini, ambayo ni protini ya damu, na mgonjwa huyu anaweza kuwa na albumini ya chini. Tegemeo ni vipimo vya kidole, na sampuli ya mshipani ya maabara kila mzunguko ili kukilinganisha kifaa.

#7 Mwanga wa Jioni

@Mpima Damu ahsante. Aliongezewa damu uniti 2 wiki tatu kabla ya kipimo. Sikuiandika hapo juu.

Lakini kifaa kinaweza kukosea kiasi hicho? Kutoka 10 hadi 18.9?

#8 Mpima Damu

Hapana, upungufu wa damu pekee haufiki huko. Ninachokihofia mimi ni siku ya 6. Kama kifaa kinaongeza, basi ile 3.1 yaweza kuwa 2.7 au chini ya hapo. Kosa dogo huku juu halina madhara makubwa, huku chini linaua.

Mengine yanayodanganya: vidole vyenye mabaki ya tunda au maji ya sukari (sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha kabisa, kama hakuna maji futa tone la kwanza utumie la pili), vitamini C ya dripu kwa dozi kubwa, ambayo vifaa vingi huisoma kama sukari, na kwa wenye vitambuzi vya kubandika mkononi, hidroksiurea hupandisha namba za baadhi yake kwa uongo kabisa. Mgonjwa wa saratani ya damu anayetumia hidroksiurea asichome insulini kwa kufuata kitambuzi cha namna hiyo.

#9 Kijana wa Kliniki

Naomba msaada wa vitendo. Jioni imefika 18.9. Tumwongezee vidonge au aanze insulini?

#10 Mfamasia wa Zamu

Kwa steroidi ya siku nne dozi kubwa, vidonge vinachelewa. Hesabu inayotumika sana ni ya insulini ya NPH (ya muda wa kati), ichomwe asubuhi pamoja na steroidi: uniti 0.1 kwa kila kilo kwa kila mg 10 za prednisoloni, kikomo uniti 0.4 kwa kilo. Huyu amevuka kikomo, kwa hiyo 74 × 0.4 = karibu uniti 30. NPH hufikia kilele baada ya masaa 4 hadi 10, palepale steroidi inapopandisha. Chupa ibiringishwe viganjani mara 10 hadi 20 mpaka weupe uenee wote, isitikiswe. Ukichoma bila kubiringisha, leo unachoma maji, kesho unachoma dawa tupu.

Steroidi ikipunguzwa, insulini inapunguzwa siku hiyohiyo. Ikikoma, inakoma.

#11 Mchuja Figo

@Mfamasia wa Zamu uniti 30 kwa mtu ambaye hajawahi kuchoma insulini? Sikubaliani. Miaka 62, kemo, hamu ya kula hujui itakuwaje, figo hujaulizia. Anza na nusu, uniti 15, upande kila siku kwa asilimia 10 hadi 20 kwa kufuata namba za jioni. Lengo ni 6 hadi 10, na hata 12 inavumilika. Hakuna tuzo ya kumfikisha 5.

#12 Saa Nne Usiku

Mimi naona mnabishana dozi huku insulini yenyewe siyo. NPH inaendana na prednisoloni. Deksamethasoni inakaa zaidi ya masaa 36, na chati imeonyesha asubuhi ya siku ya 3 inapanda. Hapo insulini ya glajini, ya masaa 24, ichomwe asubuhi, inafunika vizuri zaidi.

#13 Mchuja Figo

Na siku ya 5 glajini ya jana bado inafanya kazi, deksamethasoni imekwisha, mgonjwa anatapika. Umemtengenezea 3.1 nyingine.

#14 Saa Nne Usiku

Ndiyo maana ya mwisho inachomwa siku ya 3 au inakatwa nusu siku ya 4. NPH peke yake inaiacha alfajiri wazi.

#15 Nesi Mlinda

Mnaongea insulini, na mgonjwa wa kwenye chati hachomi insulini. Siku ya 6 imeshukaje basi? @Mwanga wa Jioni, kuna kitu hujaandika.

#16 Mwanga wa Jioni

Kweli. Siku ya 2 gliklazaidi iliongezwa kutoka mg 80 hadi mg 160 asubuhi, kwa sababu ya ile 18.9. Hakuna aliyeirudisha chini siku ya 5. Baada ya 3.1 ikasimamishwa kabisa na haijarudishwa.

#17 Nesi Mlinda

Jibu la siku ya 6 ndilo hilo. Dozi iliyopandishwa kwa ajili ya steroidi ikabaki baada ya steroidi kuondoka, na mdomo umeanza vidonda, anameza kwa shida. Kwenye kadi ya mgonjwa dawa ya kisukari iandikwe kwa siku za mzunguko: "siku 1 hadi 4 hivi, kuanzia siku ya 5 vile." Ukimwandikia "kutwa mara moja" ataifuata kutwa mara moja.

Na akishuka chini ya 4: gramu 15 hadi 20 za glukosi, subiri dakika 15, pima, rudia kama bado. Mwenye vidonda mdomoni vidonge vya glukosi vinamchoma, hawezi kuvitafuna. Awe na jeli au glukosi iliyokorogwa kwenye maji yasiyo baridi wala moto. Wa gliklazaidi au glibenklamaidi asiachwe baada ya namba kupanda, hizo dawa zinaweza kumshusha tena masaa kadhaa baadaye, zaidi figo zikiwa dhaifu.

#18 Mchuja Figo

Nakazia hapo kwenye figo. Orodha ya dawa za kuweka kando siku ambayo mgonjwa anatapika, anaharisha au hawezi kunywa:

Metformini, kwa sababu figo zikikaukiwa inajikusanya na asidi ya laktiki inapanda. Hata siku za kawaida, eGFR (kipimo cha uwezo wa figo kuchuja) ikiwa chini ya 45 punguza dozi, chini ya 30 iache.

Dawa za kisukari za kundi la SGLT2 (zinazotoa sukari kwa mkojo), yaani empagliflozini na ndugu zake. Hizi zinaweza kuleta asidi ya ketoni (asidi inayojaa damuni mwili ukiunguza mafuta kwa kukosa insulini) huku sukari ikisoma 9 au 11, kwa hiyo kila mtu anatulia. Anayetapika na kuhema haraka huku anazitumia apimwe ketoni za damu bila kujali sukari: chini ya 0.6 ni sawa, 1.5 kwenda juu ni hatari, 3 kwenda juu ni dharura. Kabla ya upasuaji zisimame siku 3, ertugliflozini siku 4.

Dawa za presha za kundi la ACE, dawa za kukojoza, na za maumivu aina ya ibuprofeni. Kwa anayepewa sisplatini (kemo inayoumiza figo) hili halina mjadala. Sukari ya 20 inamkojoza, sisplatini inataka maji mengi kulinda figo, hizo mbili zikikutana zinazikausha.

Anayechoma insulini ya msingi asiiache hata kama hali. Apunguze kwa maelekezo, asiache.

#19 Mgeni wa Jumatano

Salaam. Nimesoma kwamba metformini inaua saratani, sasa mnaisimamishaje? Na sukari si ndiyo chakula cha saratani? Si bora aache wanga kabisa?

#20 Tabibu Mdogo

Karibu. Kuhusu metformini: tafiti za kuangalia kumbukumbu za wagonjwa zilileta matumaini makubwa. Kisha likafanyika jaribio la MA.32, wagonjwa 3,649 wenye saratani ya titi wasio na kisukari, metformini mg 850 mara mbili kwa siku miaka mitano dhidi ya kidonge kitupu. Matokeo yalitoka 2022: kwa kundi kuu, kuishi bila saratani kurudi hakukuongezeka. Metformini ni dawa nzuri ya kisukari, ibaki hapo.

Hofu ya upande wa pili nayo ilikuwepo, kwamba glajini inachochea saratani. Iliibuka 2009. Jaribio la ORIGIN, watu 12,537, wakafuatiliwa zaidi ya miaka sita, matokeo 2012: hakuna ongezeko. Mgonjwa asikatae insulini kwa hofu hiyo.

#21 Binti Lishe

@Mgeni wa Jumatano swali la wanga ndilo linalowakondesha watu. Otto Warburg aligundua miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula glukosi kwa pupa. Ni kweli. Ila ukiacha kula wanga, ini linatengeneza glukosi kutoka kwenye misuli yako, saratani inakula, wewe unabaki mifupa.

Kilo 74 zinahitaji kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo, kama 1,850 hadi 2,200 kwa siku, na protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, yaani gramu 74 hadi 111. Hawezi kuzipata kwa milo mitatu akiwa na kichefuchefu. Gawa mara sita. Wanga mwingi uende asubuhi kabla steroidi haijapanda, jioni upunguzwe, protini iongezwe. Mgonjwa anayekonda masharti yake ya zamani ya kisukari yalegezwe, insulini ndiyo imfuate.

#22 Saa Nne Usiku

@Binti Lishe ukiweka wanga asubuhi, glajini yangu ya asubuhi inapata kazi yake. Ahsante kwa kuniunga mkono.

#23 Binti Lishe

Hahaha, sijakuunga mkono, NPH nayo inafanya kazi mchana. Nimeunga mkono mgonjwa ale.

#24 Kijana wa Kliniki

Bado siku ya 15. Steroidi hamna, dripu hamna.

#25 Mfamasia wa Zamu

Gliklazaidi ilisimamishwa siku ya 6, mdomo umepona, hamu ya kula imerudi. 13.8 ni kisukari chake cha kawaida bila dawa yake ya kawaida. Mrudishie mg 80.

#26 Nesi Mlinda

Au ana maambukizi. Chembe nyeupe hufika chini kabisa siku ya 7 hadi 14 hivi. Sukari inayopanda bila sababu inaweza kutangulia homa, na mwenye kisukari anaweza asipate homa kali. Angalia mdomo, ngozi ya mikunjoni, mkojo, mahali pa mpira wa dripu, nyayo na kati ya vidole. Joto likifika 38 ni hospitali saa hiyohiyo, haingojwi asubuhi.

Nyayo ziangaliwe kila usiku hata bila homa. Paklitakseli inaleta ganzi juu ya ganzi ya kisukari, na metformini ya miaka mingi inashusha vitamini B12 ambayo inaleta ganzi ya tatu. Pimeni B12 kabla ya kuisingizia kemo yote.

#27 Tabibu Mdogo

Nauliza kitu kimoja kwa mleta mada. Saratani ya mapafu, kaboplatini na paklitakseli. Kuna pembrolizumabu (dawa ya kuamsha kinga ishambulie saratani) pia?

#28 Mwanga wa Jioni

Ipo. Huu ni mzunguko wa tatu.

#29 Tabibu Mdogo

Basi nafuta kongosho la #3 kwa sababu ya saratani, nalirudisha kwa sababu nyingine. Dawa hizi zinazofungua breki za kinga zinaweza kuifanya kinga iue seli zinazotengeneza insulini. Haitokei kwa wengi, kama mmoja kati ya mia, lakini ikitokea inakwenda haraka, ndani ya wiki mgonjwa yuko kwenye asidi ya ketoni, na seli hazirudi. Kumpa steroidi kuituliza kinga hakuziokoi, kunaongeza sukari tu. HbA1c inaweza kuwa karibu ya kawaida kwa kuwa ni jambo la ghafla.

Kwa mwenye aina ya 2 linajificha, kila mtu atasema "amekula vibaya". Apimwe ketoni leo, na C-peptidi (alama ya insulini ambayo kongosho lenyewe linatengeneza) pamoja na sukari ya mshipani kwa wakati mmoja. C-peptidi ikiwa chini sana huku sukari iko juu, kongosho limezima, anahitaji insulini maisha yote na vidonge havina kazi. Kingamwili za GAD (zinazoonyesha kinga inashambulia kongosho) zikiwa hasi hazikutoi kwenye shaka.

#30 Mfamasia wa Zamu

Asubuhi ni 7.0 bila gliklazaidi. Kongosho lililozima halitoi 7.0.

#31 Tabibu Mdogo

Lililozima halitoi. Linaloanza kuzima linatoa.

#32 Mpima Damu

Na hemoglobini siku ya 15 ni ngapi? Kama imeshuka zaidi, sehemu ya hiyo 13.8 ni ya kifaa. Tuma sampuli ya mshipani kabla hamjagombana.

#33 Kijana wa Kliniki

Samahani natoka nje kidogo. Akiandikiwa kipimo cha PET (picha ya kutafuta saratani mwilini), sukari iwe ngapi?

#34 Mpima Damu

Chini ya 11, afunge masaa 4 hadi 6, maji matupu anakunywa. Asichome insulini ya haraka ndani ya masaa 4 kabla ya kudungwa ile glukosi ya mionzi, itaisukuma yote kwenye misuli na picha itaharibika. Metformini hung'arisha utumbo kwenye picha. Kama tumbo ndilo linaloangaliwa, huachwa masaa 48 kwa idhini ya daktari. Na usimpange siku za deksamethasoni.

#35 Mwanga wa Jioni

Nimerudi. Ketoni za damu leo: 0.4. Joto 36.9, mdomo safi, nyayo safi. Hemoglobini 8.4. C-peptidi imechukuliwa, majibu bado. Sampuli ya mshipani imesoma 12.1, kifaa dakika hiyohiyo 13.5.

#36 Mfamasia wa Zamu

Ketoni 0.4. Mrudishieni gliklazaidi mg 80.

#37 Tabibu Mdogo

Rudisheni, ila apime ketoni kila asubuhi na kila akitapika mpaka C-peptidi ije, na pembrolizumabu ya mzunguko wa nne isidungwe kabla majibu hayajasomwa.

#38 Mchuja Figo

eGFR yake ni ngapi? Kurasa zote hizi na hakuna aliyeiandika.